Mshahara wako hauishi tarehe 13, unaisha siku tano za mwanzo

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Dada shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, nafanya kazi famasi moja hapa Mwanga, Kigoma mjini, nimepanga chumba kimoja Gungu. Mshahara wangu laki nne na nusu. Sinywi pombe, sina mtoto, sijanunua simu mpya wala nini, lakini kila mwezi ikifika tarehe 13 au 14 sina hata mia, nakopa kwenye simu nasogea nayo mpaka mshahara mwingine. Bajeti nimeandika mara tatu nimeshindwa kuifuata, nahisi mimi sina nidhamu ya hela. Kuna rafiki yangu kaniambia kuna app inakopesha mpaka laki mbili, je nichukue nijipange upya au nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya kukujibu nilikuomba utoe taarifa ya miamala ya simu yako ya mwezi mmoja, ukae nayo na kalamu, vile ulivyolipa keshi uandike kwa kukumbuka, na nakushukuru sana umefanya, maana wengi nikiwaambia hivyo hawarudi tena. Umenirahisishia kazi. Hapa nitajibu kwa namba zako mwenyewe, na yeyote anayesoma aweke za kwake.

Naanza na hiyo laki nne na nusu. Hiyo siyo hela yako, iko kwenye barua ya ajira tu. NSSF wanakata asilimia 10, yaani 45,000, inabaki 405,000. Hapo inakuja kodi ya mapato, 270,000 ya kwanza haiguswi, ile 135,000 iliyozidi inakatwa asilimia 8 ambayo ni 10,800. Kinachoingia kwako ni 394,200, na ndicho kilichoandikwa kwenye meseji ya benki. Sasa angalia, tofauti ni 55,800, na kila tarehe 14 unakopa 45,000. Hazipishani sana. Kichwani unaishi na 450,000, ukiwaambia watu unasema laki nne na nusu, ukichangia unachangia kama mtu wa laki nne na nusu, halafu mfukoni kuna mtu mwingine mwenye 394,200 ndio anatakiwa alipe. Kuanzia leo hata ukiwa peke yako sema mshahara wangu ni laki tatu na tisini na nne.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Umelipwa tarehe 28. Kuanzia tarehe 28 mpaka tarehe 2, siku tano hizo, hela ilivyotoka ni hivi: kulipa mkopo wa simu 52,000, mama Kasulu 50,000, kusuka 30,000, mchango wa harusi 30,000, kitenge cha sare ya hiyo hiyo harusi 25,000, viatu na magauni mawili ya mtumba pale Mwanga 22,000, chips kuku na soda mlivyokaa na wenzako wa kazini 13,500, bando la mwezi 10,000, boda 12,000. Nimejumlisha mara mbili, ni 244,500. Yaani asilimia 62 ya mshahara imeondoka ndani ya siku tano, na hapo bado hujala ugali wa mwezi, na kodi ya chumba haijawekwa hata shilingi maana unalipa kwa miezi mitatu 105,000 na huu haukuwa mwezi wake.

Ndio maana nakwambia tarehe 13 haina kosa. Wewe unaitazama tarehe 13 unajilaumu kwa soda ya tarehe 11, wakati mwezi ulishafungwa tarehe 2.

Halafu kuna kitu kingine kwenye hiyo karatasi kilichonifanya niweke kalamu chini. Baada ya hizo siku tano ulibaki na 149,700, ukaimaliza kuanzia tarehe 3 mpaka 13, siku 11. Hiyo ni kama 13,600 kwa siku. Boda buku kwenda buku kurudi, chai na chapati na supu 2,000, mchana 3,000, juisi buku, bando la siku tena buku juu ya lile la mwezi, jioni chips 3,500, na vidogo vidogo vya dukani. Kuanzia tarehe 14 mpaka 27 ukaishi kwa ule mkopo wa 45,000, siku 14, ambayo ni 3,200 kwa siku. Asubuhi unatembea kwa mguu Gungu mpaka Mwanga, mchana unakunywa chai na andazi unasema huna njaa. Mtu yule yule, tumbo lile lile. Mtu anayeweza kuishi siku 14 kwa 3,200 bila kuiba wala kuomba usimwambie hana nidhamu, nidhamu unayo tena ya kuumiza, ila unaitumia mwisho wa mwezi wakati haina tena cha kulinda.

Mimi vikundi vya kuweka na kukopa nimefanya navyo kazi miaka mingi hapa mjini, Ujiji na vijiji vya pwani ya ziwa, na jambo hili sikulisoma kitabuni, nilifundishwa na mama mmoja wa Katonga mwanika dagaa. Nyie wa Kigoma mnajua, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, maboti yanalala. Kwa hiyo hela ya dagaa inakuja giza na kukatika mwezi ukiwaka, na mtu aliyezaliwa pale hashangai. Huyo mama siku ya mauzo alikuwa anakaa kwenye mkeka, anahesabu hela yote mbele ya binti yake, analipa deni la aliyempa dagaa kwanza, kinachobaki anakigawa mafungu, na kila fungu analifunga fundo kwenye pindo la kanga ya zamani aliyokuwa haivai. Mafundo manne. Kanga inakunjwa inaingia ndani ya ndoo ya unga. Fundo likifunguliwa linaliwa mpaka liishe, na wiki haijaisha basi wanakula mawese na mihogo, lakini fundo la pili haligusi. Nilimuuliza, sasa mama mtoto akiumwa? Akaniambia la mtoto kuumwa lina kanga yake.

Mpaka leo ukiniuliza kupanga matumizi ni nini naiona ile kanga. Yule mama hakuwa anaandika "nyanya 500, sabuni 300" kama zile bajeti zako tatu zilizokushinda. Bajeti za hivyo zinawashinda karibu wote ninaokutana nao, maana zinakutaka uamue mara ishirini kwa siku ukiwa na njaa na umechoka. Yeye aliamua mara moja, siku ya hela, akiwa ameshiba, na baada ya hapo hakuwa na la kuamua.

Na wewe tufunge mafundo. 394,200 ikiingia, yanatoka kwanza ya lazima: kodi ya chumba 35,000 kila mwezi hata kama mwenye nyumba anaidai baada ya miezi mitatu, mama 50,000, umeme na maji na gesi 25,000. Hiyo ni 110,000. Kikoba 15,000. Hela ya watu, yaani michango, misiba, harusi, 25,000. Hela ya mwili, nywele na nguo na mafuta, 30,000. Imebaki 214,200 ya kula, usafiri na bando. Hapo watu wengi wanagawa kwa nne, wanakosea, mwezi hauna wiki nne, una wiki nne na siku mbili au tatu, na hizo siku mbili ndizo zinazompeleka mtu kwenye mkopo. Kwa hiyo wewe chukua mafundo manne ya 50,000, na la tano dogo la 14,200. Tarehe 28 unafungua la kwanza, kwa mwezi wa siku 30 linalofuata ni tarehe 5, halafu 12, halafu 19, tarehe 26 unafungua lile dogo linakuvusha siku mbili. Mwezi wa siku 31 lile dogo linabeba siku tatu, hapo utabana kidogo, siyo mbaya.

Inakuja kama 7,100 kwa siku. Najua umesoma hapo ukasema haitoshi, mbona nilikuwa natumia 13,600. Ndio, lakini pia ulikuwa unatumia 3,200. Daladala mia sita kwenda mia sita kurudi ni 1,200, mchana kwa mama ntilie ugali dagaa au wali maharage 2,000, bando la wiki ukiligawa kama 500, imebaki 3,400 ya chai na chakula cha jioni cha kupika mwenyewe. Siku ya mvua au ukitoka zamu ya usiku panda boda, usalama wako ni muhimu kuliko mia nane, ila boda ya kila siku asubuhi kwa sababu umechelewa kuamka hiyo ndio inakula 20,000 na ushee kwa mwezi ukilinganisha na daladala.

Hizo 50,000 za wiki usizichanganye na nyingine sehemu moja. Mshahara ubaki benki, siku ya fundo unatoa 50,000 mara moja kwa wiki, unakaa na keshi. Kwenye karatasi yako umetoa hela kwa wakala mara 17 ndani ya mwezi, mara 5,000, mara 10,000, na makato peke yake umeniandikia 15,300. Hiyo ni kikoba chako cha mwezi kimeishia kwenye makato. Ukitoa kidogo kidogo makato yanauma zaidi maana yanaenda kwa viwango, na pia hela ikikaa kwenye simu ile ile unayochatia, kuitoa ni sekunde, hata hujisikii kama umetoa. Ya kodi na ya watu iweke kwenye laini nyingine au akaunti nyingine, namba ya siri ngumu, laini itoke kwenye simu ikae ndani. Kanga ndani ya ndoo ya unga.

Sasa gesi. Hapa nataka nikae kidogo maana naona ndipo hela yako ya jioni ilipo. Umeniandikia kwa mstari mmoja tu, kama jambo dogo, kwamba "mtungi uliisha mwezi wa tatu sijajaza". Mdogo wangu, jambo dogo siyo hilo. Mtungi mdogo wa kilo sita umesema unajaziwa 25,000 hapo kwenu. Chips zako za jioni ni 3,500, mara siku saba ni 24,500. Wiki moja ya chips ni mtungi mzima, na mtungi kwa mtu mmoja anayepika jioni na chai asubuhi unakaa mwezi na zaidi. Kwa nini hujajaza? Kwa sababu 3,500 ipo kila jioni, ila 25,000 kwa mpigo haipo, na siku pekee inapokuwepo ni tarehe 28, ambayo ina kusuka na sare na mkopo wa simu vimesimama mlangoni. Nimeona hili kwa vijana wengi waliopanga chumba, wanakula kwa bei kubwa siyo kwa sababu wanapenda anasa, hawana hela ya mara moja. Mmoja ananunua sukari ya robo robo mwezi mzima, mwingine mkaa wa kopo, mwingine bando la siku. Ukijumlisha analipa zaidi ya jirani yake anayeonekana ana maisha mazuri. Kwa hiyo mwezi huu kitu cha kwanza kununuliwa, kabla ya nywele, ni gesi. Siku hiyo hiyo ya mshahara, ukitoka kazini pitia mtungi.

Na ukishakuwa na moto, mji huu unalisha. Unga wa muhogo, dagaa wakati wa giza ununue wa kukaa wiki, chupa ya mawese, maharage. Mwezi ukiwaka dagaa wanapanda bei, wewe una wa kwako ndani. Mama yupo Kasulu, na Kasulu ni nchi ya maharage. Umeniuliza kwa aibu kama upunguze ile 50,000 ya mama, mimi nasema usiiguse, mama aliyekusomesha ukafika kwenye famasi hawezi kuwa wa kwanza kukatwa wakati chips zipo. Ila mpigie umwambie ukweli, mama nimeanza kupika, ukipata mtu anakuja mjini niwekee maharage na unga kidogo. Mama yeyote wa Kasulu akisikia hivyo anafurahi, atakuwekea kiroba kwenye gari, na hapo wiki nzima hujanunua mboga. Na yeye atajua mwanae haishi kwa raha kama anavyofikiri, maana nina wasiwasi hajui.

Tuje kwenye hela ya watu, na najua hili ndilo gumu kuliko yote. Mchango 30,000, sare 25,000, harusi moja imekula 55,000, na ni harusi ya dada wa mfanyakazi mwenzako ambaye umeniambia umemuona mara mbili. Mwezi ule ule kwenye magrupu yako kulikuwa na kichenpati nyingine na msiba. Sikwambii usichangie. Mtu asiyezika wala kucheza na wenzake huku kwetu siku yake ikifika atakaa peke yake kwenye jamvi, na kiukweli michango hii ndiyo bima yetu wengi. Ila bima ina kiwango. Wako ni 25,000 kwa mwezi, na msiba unatangulia harusi siku zote kwa sababu msiba haupangwi. Ukiwekwa kwenye grupu la harusi usikae kimya mpaka mwenyekiti aanze kukutaja, kukaa kimya ndiko kunakokupandisha bei, unaona aibu unatoa zaidi. Andika mapema, siku ile ile, "Hongereni sana, mimi nitatoa elfu kumi tarehe 30, Mungu atangulie." Umetaja kiasi, umetaja siku, basi. Ukipigiwa kuulizwa mbona ndogo jibu hivyo hivyo kwa upole, "ndiyo niliyojaliwa mwezi huu dada." Usianze kuelezea matatizo yako, ukielezea wanaanza kukujadili. Na sare siyo lazima, vaa gauni lako zuri ukae meza ya nyuma ucheze.

Kuhusu nywele sina neno refu. Unasimama mbele ya wateja, unahitaji kuwa nadhifu, ila 30,000 ni fungu la mwili zima, kwa hiyo mwezi wa kusuka kwa bei hiyo siyo mwezi wa mtumba. Ukisuka za 15,000 zikakaa wiki tano, una nafasi ya kiatu. Amua wewe, ndio maana fungu liko moja.

Mkopo sasa. Umekopa 45,000 umelipa 52,000, wiki mbili tu. Elfu saba juu ya 45,000 ni asilimia 15 na nusu. Kwa mwaka ukifanya hivyo kila mwezi ni 84,000, ambayo ni kodi ya chumba chako miezi miwili na chenji inabaki. Ili ujue ukubwa wake, Benki Kuu imeweka kikomo kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, wale wenye leseni wasiopokea amana, kwamba riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho mkopo wa laki mbili unazaa 7,000 kwa mwezi mzima. Wewe hiyo hiyo 7,000 unaitoa kwa 45,000 ya siku 14.

Na hiyo app ya laki mbili, nakuomba sana, kama dada yako, usiipakue. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na app 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali, uliza kwanza kama hiyo ina leseni na usitosheke na jibu la rafiki. Mimi nimekaa na watu waliochukua za namna hiyo. Unapopakua unaruhusu ione namba zote za simu yako, siku ukichelewa inaanza kutuma meseji kwa bosi, kwa mchungaji, kwa mama mkwe, kwamba wewe ni tapeli. Kijana mmoja alikuja kwangu hana tatizo kubwa la hela, alikuwa anadaiwa laki na ishirini, lakini alikuwa haendi kazini kwa aibu. Na hata kama ina leseni, laki mbili itakusaidia nini? Tundu lako ni 45,000 na tayari tumeliona liko wapi.

Kutoka kwenye huo mkopo wa simu ni mwezi mmoja mgumu, sitakudanganya. Tarehe 28 inayokuja wanakata 52,000 yao. Itoke hivi: 30,000 ya mwili yote, 15,000 ya kikoba maana bado hujarudi, jumla 45,000, na 7,000 toka kwenye hela ya watu. Gesi inataka 25,000 na fungu lake baada ya umeme na maji lina 15,000, kwa hiyo 10,000 nyingine inatoka pia kwa watu. Hela ya watu inabaki 8,000 mwezi huo. Hakuna kusuka, hakuna mtumba, harusi utachangia maneno mazuri. Mafundo ya wiki usiyaguse kabisa, kwa sababu ukiyagusa tarehe 20 utarudi kukopa na mwezi mzima umeumia bure. Ukivuka tarehe 27 bila kukopa, mwezi unaofuata ile 52,000 haikatwi tena, na hapo ndipo kila fungu linakaa mahali pake.

Ukiwa umetulia rudi kwenye kikoba. Umesema ulijitoa kwa sababu ulishindwa hisa mbili mfululizo ukaona aibu. Rudi kwa hisa ndogo. Uzuri wa kikoba kwa mtu kama wewe siyo faida ya mwisho wa mwaka, ni kwamba kuna watu ishirini wanakusubiri siku ya kikao, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu, hela ikishaingia huwezi kuifuata usiku kwa ajili ya chips. Mwaka 2024 serikali ilivyofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu, nilikuwa na kikundi cha akina mama wanaoishi kwa dagaa tu. Wiki ya kwanza walikuja na sura za msiba. Lakini walikuwa na mfuko wa jamii ndani ya sanduku na hisa zao, wakakopeshana kidogo kidogo, mmoja akauza maandazi, mwingine akaleta ndizi, kikao hakikuvunjika hata wiki moja, na maboti yaliporudi ziwani hawakuwa na deni kwa mtu wa nje. 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka kabla ya faida yoyote. Hizo mambo za UTT AMIS ulizoniuliza ni nzuri, ni mifuko ya uwekezaji inayosimamiwa na kampuni ya serikali na mtu wa kawaida anaingia, ila tuzungumze baada ya kikoba chako kuvunjwa, yaani kugawana hela, mara ya kwanza na ukiwa hujakopa kwenye simu miezi sita.

Kuna siku utateleza, fundo litaisha Jumatano wakati linalofuata ni Jumapili. Usifungue la pili. Kula ulichonacho ndani, tembea, na uandike sehemu moja tu, ilikwenda wapi. Nataka uandike kwa sababu kwa uzoefu wangu ni kitu kile kile kinajirudia, kwa mwingine ni boda, kwa mwingine ni kumkopesha mfanyakazi mwenzake, na wewe nina hisia ni yale makao ya chips na wenzako mkishatoka zamu, kwa sababu umeyataja mara nne kwenye barua yako na kila mara umesema "tulikuwa tumechoka". Hayo siyo ya kukatwa, ni marafiki zako hao. Wakaribishe Gungu Jumapili moja mpike dagaa wa mawese, kila mtu aje na kitu chake.

Tarehe 28 asubuhi kabla hujafungua meseji yoyote ya grupu, chukua karatasi uandike 394,200 juu, chini yake mafungu kama nilivyokupangia, piga picha unitumie. Halafu ukitoka kazini pitia mtungi.